Sufuria Iliyotuunguzia Garanti

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa na miguu mibaya kuliko yote niliyopata kuiona, na mimi nimeishi kambini, nimeona miguu. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama kandambili za tairi. Akikanyaga kaa la moto hashtuki, anauliza tu nani anachoma ngozi. Kwetu Congo, upande wa Fizi, karibu na ziwa, mtu akifa, kabla ya kutafutwa mbao za sanduku anatafutwa shangazi, maana yeye ndiye aliyesonga ugali wa msiba.

Ugali wetu ni wa muhogo, sisi tunauita bugali. Bugali wa watu wengi hausongwi juu ya moto. Sufuria inaepuliwa, inawekwa chini, na msongaji anakaa kwenye kigoda, anaibana kwa nyayo huku na huku isizunguke. Halafu mwiko unashikwa kwa mikono miwili na mgongo wote unaingia kazini. Wanawake wengine hufunga matambara miguuni. Shangazi hakufunga kitu.

Hakunipenda. Nami sikumpenda, na ingawa alishakufa sijaanza kumpenda. Siku moja nilimcheka ile miguu mbele ya wageni, akanirushia mwiko ukiwa na bugali wa moto, ukanipata hapa kwenye sikio. Alama ipo. Daktari mmoja huku ughaibuni, Saint Paul, aliitazama kwa huruma akaniuliza kama ni mambo ya vita. Nikamwambia ni shangazi. Mkalimani kwenye simu aliniuliza mara mbili kabla ya kutafsiri.

Nilipooa, mke wangu alikabidhiwa kwa shangazi huyohuyo ili afundishwe jiko. Alifundishwa kwa matusi. "Binti wa watu, unasonga au unapapasa?" Au: "Bana hiyo sufuria, si mume wako hiyo, haitakimbia." Mke wangu alilia mwezi mzima, halafu akaacha kulia, na akasonga vizuri kuliko mwalimu wake. Shangazi hakumsifu hata mara moja. Alimwachia tu ile sufuria kubwa, siku tulipokimbia vita, akasema yeye hakimbii, amechoka.

Tukavuka ziwa na sufuria yetu, tukakaa kambini Tanzania mpaka watoto wetu nao wakazaa. Sakafu ya kambini ni udongo. Ukiweka sufuria ya moto, ukaiondoa, unafagia, basi. Kwa hiyo mke wangu hakuwa na sababu ya kubadilisha kitu. Usidhani nimepotea. Nakuja.

Tulipoletwa Saint Paul kama wakimbizi tulikaa kwanza kwa watu wa kanisa, halafu tukapata nyumba mtaa wa Frogtown, juu kabisa, chini ya paa, ngazi za mbao zenye kona mbili. Kupata ni neno tu. Kwetu Congo mwenye nyumba tunamwita bayere, na kabla hujaingia unampa garanti, fedha za miezi kadhaa, anakaa nazo mpaka siku utakayotoka. Huku ni hivyohivyo, wao wanaita dipoziti. Sisi hatukuwa nayo. Mtu wa kanisa akatupeleka kwenye ofisi moja iliyo chini ya kanisa la wazungu, mlango wa nyuma, unashuka kama unaingia ghalani. Ofisi hiyo inawasimamia watu wasio na garanti.

Kwanza wakataka nithibitishe kwamba mimi ni maskini. Mtu mzima, nimevaa koti la kupewa, mikono mirefu imenifika kwenye vidole, naulizwa ushahidi wa umaskini. Nikauleta. Wakaukagua. Wakataka mwingine. Niliondoka pale nikiwachukia, na baadaye waliponisaidia niliendelea kuwachukia, ingawa si sana.

Mama wa ofisi, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaeleza kupitia mkalimani. Sisi hatumpi bayere fedha. Tunampa ahadi iliyoandikwa, kwamba ukimharibia nyumba tutamlipa sisi. Ukitoka na nyumba iko salama, ile ahadi inarudi safi, na unaweza kuhama nayo, tutasimama nawe nyumba nyingine. Lakini bayere akisema umeharibu, na sisi tukamlipa, utaturudishia kidogo kidogo, na mpaka umalize hatusimami nawe popote. Hilo la mwisho ulishike.

Nikauliza huyo anayesimama nami ni nani. Kwetu mtu akikudhamini unamjua, unampelekea kuku. Mkalimani akasema, "Mzee, hakuna mtu. Ni ofisi." Nikasema basi kuku aletwe ofisini. Hilo hakulitafsiri.

Bayere wetu alikuwa Mkenya. Nilifurahi mwanzoni, nikajua tutasikilizana. Tulisikilizana sana, ndiyo ilikuwa shida. Alikuwa amefanya kazi ya kuangalia wagonjwa usiku kwa miaka mingi, akanunua nyumba moja, akanunua nyingine, sasa anatembea na funguo nyingi kiunoni kama askari jela. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, nusu Kiingereza. Alipoonyeshwa ile karatasi ya ofisi aliigeuza upande wa nyuma, kama kuna fedha zimefichwa huko.

"Hii siwezi kui-deposit benki, Mzee."

"Ni ahadi," nikasema.

"Ahadi hata mimi ninazo."

Lakini ilikuwa katikati ya baridi, na ile juu kabisa ilikuwa imekaa wazi muda mrefu. Akasaini. Akatuonyesha jikoni, akasema sakafu ni mpya, ameiweka mwenyewe. Ilikuwa plastiki iliyochorwa ifanane na mbao. Nikamwambia ni nzuri. Sikuona uzuri wake, ila mtu akikuonyesha sakafu utasema nini?

Miaka tuliyokaa pale sitaisimulia yote. Kiangazi, chini ya paa, unalala umelowa jasho. Baridi ikija, bomba la joto linagonga ukutani kama kuna mtu amefungiwa ndani, lakini joto lenyewe halifiki chumbani. Nilimpigia bayere. Akasema vaeni soksi. Nilipiga tena bomba la jikoni lilipovuja. Akasema wekeni ndoo. Nikalitengeneza mwenyewe, mimi ni fundi, nimejenga nyumba za watu tangu nikiwa kijana. Hakusema asante, alisema nisiguse mabomba yake.

Halafu magoti ya mke wangu yakaharibika. Yalianza kidogo, yakamaliza kabisa. Akawa hawezi kushuka. Siku za kliniki mimi na mkwe wetu, mume wa binti yetu, tulimkalisha kwenye kiti cha jikoni tukamshusha kama mzigo, mimi mbele, mkwe nyuma, na yeye amefumba macho anaomba Mungu, si kwa ajili ya magoti, kwa ajili yetu tusimwangushe. Kanisani aliacha kwenda. Kwaya alikuwa akiisikiliza kwenye simu, binti ameinua simu juu kule kanisani, na mke wangu anaimba sauti yake ya tatu peke yake kitandani. Majirani wa chini waligonga dari kwa fagio. Mwanamke aliyekuwa akisonga bugali wa msiba mzima, sasa dunia yake ni vyumba viwili na dirisha linaloangalia paa la jirani.

Daktari akasema huyu mama anatakiwa nyumba ya chini. Binti yetu anakaa Roseville, mji wa jirani, na karibu naye ikapatikana fleti ya chini kabisa, mlango unafungukia nje, hakuna ngazi hata moja. Mke wangu alienda kuiona mara moja. Alitembea kutoka kwenye gari mpaka jikoni mwenyewe, ameshika ukuta, akarudi mlangoni, akaenda tena jikoni. Alikuwa anajaribu tu, kama mtoto aliyepewa viatu. Wenye fleti wakasema karatasi ya ofisi wanaikubali. Mama wa ofisi akasema mtapewa, mradi ile ya Frogtown irudi safi.

Sasa ndiyo nafika kwenye sufuria.

Mke wangu alikuwa na tabia ya kuweka ubao chini, kipande nilichomkatia, kisha sufuria juu ya ubao. Kwa sufuria ndogo ubao ulitosha. Wiki chache kabla ya kuhama, kaka yake mdogo akafa kule Congo, Uvira. Kwetu msiba haungoji, hata ukiwa mbali. Watu wakaja. Wakapanda zile ngazi na viatu vyao na watoto wao, wakajaa mpaka chumbani, wakakaa kwenye masanduku tuliyokuwa tumeanza kufunga. Wanawake wakasema, mama, pumzika, tutapika sisi. Akakataa. Akasema kaka yangu hatalishiwa watu bugali wa kupapasa. Akashusha ile sufuria ya shangazi, akaketi kwenye stuli fupi ya mjukuu, akaibana kwa miguu, na magoti yale yale. Aliposonga nilimwona amefunga meno. Ubao ulikuwa chini, lakini ubao ulikuwa mdogo na sufuria ilikuwa kubwa, ikateleza ikakaa kwenye plastiki, na hakuna aliyeona kwa sababu wote tulikuwa tunamtazama yeye.

Watu walikula wakashiba. Walipoinua sufuria, chini kulikuwa na duara la kahawia, limenywea katikati, na harufu.

Mke wangu akaligusa kwa kidole. Halafu akasema, "Baba, tumekwisha."

Nikasema tuweke mkeka. Akasema mkeka wa nini, yule mtu ana macho. Nikauweka.

Bayere alikuja kukagua asubuhi, siku ileile mke wangu alikuwa na kliniki. Masanduku mengi yalikuwa yameshatangulia kwa binti, ila ile sufuria kubwa ilikuwa bado jikoni. Binti mwenyewe alikuwa chini kwenye gari, injini inanguruma, maana theluji ilijaa pembeni mwa barabara na hapakuwa na pa kuegesha. Mke wangu alikaa chumbani kitandani, ameshavaa koti na kofia, anamngoja mkwe aje tumshushe. Mkwe alikuwa amechelewa kutoka kazini.

Bayere hakuvua mabuti. Alitembea chumba hadi chumba, theluji inayeyuka nyuma yake, anapiga picha kwa simu. Alifungua mabomba. Alifungua tanuri akaingiza kichwa. Lile bomba nililolitengeneza alilitazama, akaona halivuji, akapita. Akafika kwenye mkeka.

"Na hii?"

"Mkeka."

"Chini ya mkeka, Mzee."

"Chini ya mkeka ni nyumba yako."

Akauinua kwa ncha ya buti. Akachuchumaa. Alikaa hivyo muda, kama mtu aliyekuta nyoka akawa hajui ni wa aina gani.

"Hapa mlikuwa mnapika chang'aa?"

"Tulisonga bugali. Tulikuwa na msiba."

"Kwa floor? Jiko si lile pale?"

"Jiko ni la kuchemshia maji. Kusonga ni chini."

"Mzee, hata mimi nimekula ugali tangu nizaliwe. Mama yangu anapika amesimama, kama watu."

"Ule wenu wa mahindi," nikasema. "Ule hata mtoto anausonga kwa kijiko."

Hakulipenda hilo. Akasimama, funguo zikalia.

"Sawa. Hii ni damage. Hii siwezi kuweka kiraka kama suruali. Nitatoa yote mpaka kule mlangoni, na ofisi yako italipa, na wewe utalipa ofisi yako."

"Nipe kipande cha plastiki na nusu siku. Mimi ni fundi."

"Mzee, hapa si kambi."

Nikamwuliza amesema nini. Akarudia, polepole, kama anamsomea mgonjwa: "Nimesema hapa si kambi. Hapa vitu vina njia yake."

"Na joto lina njia yake? Bomba likivuja unaniambia ndoo, sufuria ikigusa sakafu unaniambia njia."

"Kuna mtu alikuzuia kuhama?"

"Wewe. Sasa hivi."

Akacheka kwa pua. Halafu akabadilika, akawa mpole, na hapo ndipo nilipomchukia zaidi. Aliusogeza mkeka kwa buti mpaka ukafunika lile duara tena, akaunyoosha pembe.

"Sikiliza, Mzee wangu. Mimi si mtu mbaya. Nyinyi mnalipa vizuri, hamnywi, hamna vurugu. Hii ya juu nikiiacha wazi saa hii, itakaa hivyo mpaka theluji iishe. Kaeni mwaka mmoja tu. Ukisaini leo, mimi huo mkeka sijauinua. Mwaka ukiisha, karatasi yako inarudi safi, mnaenda Roseville, tunabaki marafiki."

"Mwaka mwingine juu huku."

"Mwaka ni nini?"

"Mwulize yule aliyeko chumbani."

"Mzee, niambie ukweli. Hiyo karatasi ikiwa chafu, Roseville watawachukua?"

"Hawatatuchukua."

"Basi."

Alikuwa ameshatoa karatasi za mkataba kwenye koti, zimekunjwa. Alikuja nazo. Yaani alipanda zile ngazi akijua atapata kitu, kama si sakafu, mlango, kama si mlango, dirisha. Akaweka kalamu juu yake, kwenye meza yetu. Nitasema kweli, niliitazama ile kalamu. Nilikuwa nahesabu moyoni: baridi hii, kiangazi, baridi nyingine. Labda magoti yatapata nafuu. Labda mkwe hatachoka kubeba. Mtu akibanwa anaanza kujidanganya vizuri.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mke wangu akatoka ameshika ukuta, mkoba begani, kitenge kimefungwa juu ya koti. Akaja mpaka jikoni. Akautazama mkeka.

"Baba, toa hicho kitu."

Nikautoa.

"Mwanangu," akamwambia bayere, "nimeunguza mimi. Sufuria ilikuwa yangu na miguu ilikuwa yangu. Huyu mzee hakushika hata mwiko. Andika."

"Mama, pole. Kaa kwanza. Tunaongea tu na Mzee, tunapanga."

"Nimesikia mnavyopanga. Andika."

"Mama, si mkae tu kidogo..."

"Nitakaa," akasema, "lakini si humu."

Akapita katikati yetu, akashika fremu ya mlango, akashika nguzo ya ngazi. Akajishusha polepole mpaka akaketi juu ya ngazi ya kwanza. Akavuta kitenge, akakiweka vizuri chini ya mapaja. Halafu akateleza, akakaa ngazi ya pili. Akapumzika. Akateleza tena.

Bayere akatoa kichwa nje.

"Mama anaenda wapi?"

"Anashuka."

"Hivyo?"

"Hivyo."

"Mwambie arudi, Mzee. Akiumia kwa ngazi yangu ni maneno mengine kabisa. Mwambie."

Ngoja niseme kilichofuata baadaye, kwa sababu nikifika chini sitaki kusema tena. Bayere aliandika. Ofisi ililipa, ingawa mama wa miwani alikuja mwenyewe na futi ya kupimia sakafu akabishana naye, akamkata kidogo. Tunairudishia ofisi mpaka leo, na hawajasimama nasi popote. Ile fleti ya chini alipewa mtu mwingine, kila siku napita mlango wake nikienda kituo cha basi. Tunalala kwa binti yetu Roseville, kwenye chumba cha kulia, tumefunga pazia, na wajukuu wakitaka maziwa asubuhi wanapita kichwani petu wakisema samahani kwa Kiingereza. Si nyumba yetu. Mkwe anatuvumilia, na anajua kwamba tunajua. Mke wangu Jumapili anakwenda kanisani. Anatoka mlangoni kwa miguu yake, polepole kama kobe, anagombana na kila anayetaka kumshika mkono. Nimesema.

Sasa pale jikoni. Nilitoa funguo mfukoni, za mlango wa juu na wa chini na wa sanduku la barua. Nikainama nikaziweka katikati ya lile duara, palepale palipobonyea. Zilikaa vizuri. Bayere akazitazama, akanitazama.

"Mzee, usiwe hivyo. Hujasaini hata moja. Ama unasaini huu, ama unasaini ya kutoka. Huwezi tu kwenda."

Nikavaa kofia.

"Mzee, naongea na wewe. Hii ni nyumba ya watu. Kuna utaratibu."

Nikatoka, nikaanza kushuka nyuma ya mke wangu. Sikuweza kumpita, alikuwa ameijaza ngazi yote, kwa hiyo kila alipoteleza nilishuka moja, nikangoja. Hakugeuka. Kwenye kona ya kwanza alikuwa anahema, nikamwuliza kama nimshike, akasema nikae mbali nisimwangukie. Kwenye kona ya pili nilisikia mlango wa gari, binti alikuwa ametuona kupitia kioo cha mlango wa chini.

Juu bayere alikuwa bado anaongea. Alikuwa amekuja mpaka mwanzo wa ngazi, sauti yake inagonga ukuta inarudi. Mkataba, ofisi, mwanasheria. Halafu akasema kitu kingine, kwa sauti tofauti kidogo.

"Mzee. Mmesahau sufuria."

Mke wangu aliacha kuteleza aliposikia hilo, mkono kwenye nguzo. Kisha akateleza ngazi ya mwisho, binti akamwinua. Nami nikatoka nje kwenye theluji, na kule juu sijarudi tena.